Shule za Kikatoliki mbele ya hesabu za ngazi



Mapadri wengi, na wakatekista vilevile, siku moja hupewa kazi katika shule: mmoja anawekwa kuwa prefe, mwingine direkta, mwingine anafundisha dini, mwingine anakaa pamoja na komite ya wazazi. Waseminari wanaosoma ukurasa huu nao watafika huko. Wote wataulizwa ulizo moja: je, shule za Kikatoliki zafundisha vema kuliko nyingine? Mara nyingi jibu hutolewa upesi, kwa kutaja hesabu ya wanafunzi waliofaulu. Sisi twaona jibu hilo ni jepesi mno. Halionyeshi ni watoto gani waliingia, wala walitoka wapi, wala mwalimu aliwaongezea nini.

Iko namna ya hesabu inayojaribu kutenda haki katika jambo hilo. Wataalamu huiita modeli za ngazi nyingi. Twataka kuitazama kwa njia ya kitabu kimoja kilichoitumia juu ya shule za Kikatoliki zenyewe: «Catholic Schools and the Common Good», cha Anthony Bryk, Valerie Lee na Peter Holland, kilichotolewa na Universite ya Harvard mwaka 1993. Kitabu hicho kimesifiwa sana na Wakatoliki, na pengine kimesifiwa kwa sababu isiyo yake. Tutasema kwanza makosa ambayo hesabu hizi zilikuja kuyasahihisha. Pili, namna zinavyofanya kazi. Tatu, zimeonyesha nini juu ya shule za Kikatoliki za Marekani. Nne, mahali ambapo nguvu yake yakoma. Mwisho tutasema neno juu ya shule za kwetu.

I. Makosa mawili ya zamani

Mtoto hasomi peke yake. Yumo katika darasa, darasa limo katika shule, na shule imo katika mji au kijiji. Kila mwalimu ajua hayo. Lakini kwa muda mrefu wenye kuchunguza mambo ya shule walikuwa na njia mbili tu za kuhesabu, na kila njia ilisahau kitu kimoja.

Njia ya kwanza ni kuwasahau watu na kuhesabu makundi tu. Hatari yake ilionyeshwa mwaka 1950 na Mmarekani mmoja, W. S. Robinson. Alichukua hesabu ya watu wa Marekani ya mwaka 1930, akatafuta kama wageni waliozaliwa ng'ambo walikuwa ndio wasiojua kusoma. Alipolinganisha majimbo 48, aliona ajabu: majimbo yenye wageni wengi ndiyo yaliyokuwa na wajinga wa kusoma wachache. Kipimo cha uhusiano huo kilikuwa 0.53 chini ya sifuri. Alipotazama mtu mmoja mmoja, jambo likageuka: kipimo kilikuwa 0.12 juu ya sifuri, ni kusema wageni ndio waliozidi kidogo kutojua kusoma. Sababu si ngumu kuielewa. Wageni walikwenda kukaa katika majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wamesoma. Basi hesabu ya majimbo ilisema kweli juu ya majimbo, lakini aliyeitumia kuhukumu watu angewasingizia.

Njia ya pili ni kuisahau shule, na kuwatia watoto wote katika fungu moja kana kwamba kila mmoja alifundishwa kivyake. Mfano wake watoka Uingereza. Mwaka 1976 Neville Bennett alitoa kitabu juu ya namna za kufundisha katika shule za msingi za Lancashire. Alichunguza walimu 37 na watoto karibu 950, akahakikisha kwamba watoto wa walimu wanaofuata desturi ya zamani, wenye kushika utaratibu mkali, waliendelea kuliko watoto wa walimu wa namna mpya. Maneno hayo yalileta kelele kubwa katika nchi ile. Lakini mwaka 1981 Murray Aitkin na wenzake wawili, Anderson na Hinde, walizirudia hesabu zile zile kwa kukumbuka kwamba watoto wa mwalimu mmoja hufanana: wamesikia sauti ile ile, wametumia vitabu vile vile, wamekosa masomo siku zile zile. Hapo tofauti za namna za kufundisha zilipungua mpaka hazikuweza kutegemewa tena.

Kosa lilikuwa wapi? Aliyetaka kupima namna za kufundisha alikuwa na walimu 37 wa kupima. Watoto 950 hawakuongeza idadi ya walimu hata mmoja. Anayetaka kujua mapishi ya wanawake kumi wa kijiji hatayajua kwa kuonja chungu kimoja mara mia.

II. Namna hesabu za ngazi zinavyofanya kazi

Katika miaka 1980 wataalamu kadhaa, kila mmoja kwa upande wake, walipata njia ya kuweka mtoto na shule pamoja katika hesabu moja bila kumezana. Katika Uingereza, Aitkin na Nicholas Longford waliandika juu yake mwaka 1986, na Harvey Goldstein wa London akatoa kitabu chake mwaka 1987. Katika Marekani, Stephen Raudenbush na yule Bryk tuliyemtaja waliandika mwaka 1986, kisha wakatoa kitabu cha kufundishia mwaka 1992.

Wazo lenyewe ni hili. Katika ngazi ya kwanza tunaingia shule moja na kuwatazama watoto wake. Tunatafuta mambo mawili: watoto wa shule hii wafika wapi kwa wastani, na je, mtoto wa jamaa yenye mali na elimu ampita kwa kiasi gani mtoto wa jamaa maskini ndani ya shule hii hii? Jambo la kwanza tuliite kimo cha shule. La pili tuliite mwinuko wake, maana laonyesha pointi zapanda kwa ukali gani kutoka kwa maskini kwenda kwa tajiri. Katika ngazi ya pili tunatoka nje na kuzitazama shule zote pamoja. Hapo twauliza: kwa nini shule hii ina kimo kirefu na ile kifupi? Kwa nini katika shule hii mwinuko ni mkali na katika ile ni wa polepole? Ngazi zote mbili huhesabiwa kwa mara moja, na kosa la kila ngazi hupimwa mahali pake.

Tuone mfano wa kweli. Mwaka 1980 Serikali ya Marekani ilianzisha uchunguzi mkubwa wa sekondari, wenye wanafunzi zaidi ya 58,000 katika shule 1,015. Raudenbush na Bryk walichagua humo wanafunzi 7,185 wa shule 160: shule 90 za Serikali na 70 za Kikatoliki. Walitazama pointi za matematika. Wastani wa shule zote ulikuwa 12.64. Kisha waligawanya tofauti za pointi katika mafungu mawili: tofauti kati ya shule na shule ilikuwa 8.61, na tofauti kati ya watoto ndani ya shule moja ilikuwa 39.15. Ukiyajumlisha, utaona kwamba sehemu 18 kwa mia tu za tofauti zote zilikuwa kati ya shule. Sehemu 82 zilikuwa ndani ya shule zenyewe, kati ya watoto wanaopita mlango mmoja.

Hesabu hiyo moja yatosha kunyamazisha majivuno mengi. Mzazi hutafuta usiku na mchana shule yenye jina, naye hajui kwamba tofauti iliyo kubwa zaidi iko kati ya mtoto wake na jirani yake wa benchi. Mkubwa wa shule naye hulinganisha nyumba yake na nyumba ya wengine, na watoto walioachwa nyuma wamo katika nyumba yake mwenyewe.

Fundisho la pili la hesabu hizi ni kiasi. Kila shule ilitoa watoto 45 hivi. Kwa kuwa watoto wa shule moja wanafanana, mtoto wa 45 haleti habari mpya kama wa kwanza. Ukifuata kanuni, wale 7,185, kwa kazi ya kukadiria wastani wa wote, wana uzito wa watoto karibu 800 tu waliookotwa mmoja mmoja katika nchi nzima. Basi wingi wa watu usitutishe. Kwanza tuulize: wametoka katika nyumba ngapi?

Fundisho la tatu lahusu shule ndogo. Tubuni mfano kwa vipimo vile vile vya Marekani. Shule mbili zote zimepata wastani wa 20 katika matematika, lakini katika ya kwanza wamepimwa watoto 5, katika ya pili watoto 60. Je, zote mbili ni sawa? Hesabu za ngazi zajibu: hatujui bado. Watoto watano wanaweza kuwa hodari kwa bahati. Basi shule ya kwanza yavutwa kuelekea wastani wa wote mpaka karibu 16.5, na ya pili yabaki karibu 19.5. Vilevile shule ndogo iliyoanguka sana mwaka mmoja haihukumiwi kwa ukali wote. Nayo yavutwa juu. Sisi twaona busara humo, sawa na busara ya hakimu asiyekata neno kwa shahidi mmoja. Lakini tusifiche upande wa pili: shule ndogo ambayo kweli ni bora sana haitapata sifa yake yote mpaka iwe na mashahidi wa kutosha. Hesabu hii yapunguza makosa ya hukumu zote kwa pamoja. Haiwezi kuahidi haki kamili kwa kila shule peke yake.

III. Imeonekana nini juu ya shule za Kikatoliki

Ugomvi juu ya shule za Marekani ulianza mbali. Mwaka 1966 James Coleman, baada ya kuchunguza wanafunzi zaidi ya 600,000, alitangaza kwamba hali ya jamaa ya mtoto ina nguvu kuliko tofauti za vifaa kati ya shule na shule. Wengi walielewa kwamba shule haiwezi kitu. Mwaka 1982 Coleman huyo huyo, pamoja na Thomas Hoffer na Sally Kilgore, alisema kwamba wanafunzi wa sekondari za Kikatoliki walifaulu zaidi kuliko wa Serikali hata ukilinganisha jamaa zilizo sawa, na kwamba hali ya jamaa ilikuwa na uzito mdogo zaidi katika shule hizo. Wataalamu wengi walimpinga kwa nguvu. Ndipo hesabu za ngazi zikaletwa kama chombo cha kuamua.

Nazo zilileta majibu mawili. Jibu la kwanza ni juu ya kimo. Ukiisha kuondoa hali ya jamaa ya kila mtoto, na hali ya jamaa kwa wastani wa shule nzima, shule za Kikatoliki zilizidi za Serikali kwa pointi 1.22. Ni kitu, lakini si kitu kikubwa.

Jibu la pili ni juu ya mwinuko, na hilo ndilo twalipenda kuliko la kwanza. Katika shule ya Serikali ya hali ya katikati, kila daraja moja la mali na elimu ya jamaa lilimpandisha mtoto pointi 2.94. Katika shule ya Kikatoliki ya hali ile ile, mwinuko ulipungua kwa 1.64, daraja lile lile lilipandisha 1.30 tu. Kwa maneno mepesi: mtoto wa maskini alibaki nyuma ya mwenzake tajiri katika shule zote, lakini katika shule za Kikatoliki umbali kati yao haukufika nusu ya ule wa shule za Serikali.

Njia ya zamani haikuweza kuonyesha neno hilo sawasawa. Ukihesabu wastani wa shule tu, mwinuko haupo tena, maana matajiri na maskini wamechanganywa. Ukiwatia watoto wote katika fungu moja, huoni kwamba kila shule ina mwinuko wake. Hesabu za ngazi zilifungua ulizo jipya: shule gani yampunguzia maskini mzigo wa kuzaliwa maskini? Hilo ni ulizo la Kikristo kuliko lile la nani wa kwanza na nani wa mwisho.

Bryk, Lee na Holland hawakuishia katika tarakimu. Walikwenda kukaa katika sekondari saba za Kikatoliki, wakasikiliza na kutazama. Walirudi na mambo manne. Kwanza, wanafunzi wote, wawe wana wa wakubwa au wa vibarua, walipewa karibu masomo yale yale; mtoto dhaifu hakupelekwa upesi katika masomo mepesi. Pili, shule ilikuwa kama jamaa moja: mwalimu alimjua mtoto nje ya darasa pia, akiwa kiwanjani au katika sala. Tatu, amri nyingi zilitolewa pale pale shuleni, hazikungojewa kutoka mbali. Nne, wote walishika imani moja juu ya utu wa kila mtoto, na imani hiyo ilionekana katika matendo ya kila siku. Walipoingiza utaratibu wa masomo na maisha ya shule katika hesabu, tofauti kati ya shule za Kikatoliki na za Serikali ilipungua sana. Ni kusema: jina la Kikatoliki peke yake halikufanya kazi, kazi ilifanywa na yale yaliyotendwa chini ya jina hilo.

Tukumbuke pia kitabu kilitoka wakati gani. Katikati ya miaka 1960 shule za Kikatoliki za Marekani zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 5. Kufikia mwaka 1990 walibaki karibu nusu. Shule za miji mikubwa, zenye watoto maskini wengi, zilikuwa zinafungwa kwa kukosa masista wa kufundisha na kwa kukosa fedha. Ikiwa kweli shule hizo zilipunguza uzito wa umaskini, basi kila mlango uliofungwa uliwapotezea mali watoto wasio na mali nyingine. Ndiyo maana ugomvi huu wa tarakimu haukuwa mchezo wa wenye elimu.

IV. Mahali ambapo nguvu ya hesabu yakoma

Hapa lazima tuseme wazi yale ambayo wengine waliosifu kitabu hicho hawakusema.

Kwanza, hesabu za ngazi hazijui mambo ya mlangoni. Shule ya Serikali hupokea mtoto kwa sababu anakaa karibu. Shule ya Kikatoliki hupokea mtoto ambaye wazazi wake wameichagua, na katika Marekani wameilipia. Wenye kupinga wamesema sikuzote kwamba wazazi wanaochagua ni wazazi wanaojali, na kwamba kimo cha 1.22 chaweza kuwa ni kazi yao. Sisi twaongeza kwamba shaka hiyo yagusa hata mwinuko, ambao ndio fahari ya kitabu. Mzazi tajiri hulipa bila kuumia. Mzazi maskini hulipa kwa kujinyima chakula na nguo. Basi mtoto maskini tunayemkuta katika shule ya Kikatoliki ametoka katika jamaa isiyo ya kawaida: jamaa yenye kutaka masomo kuliko maskini wengine wote wa mtaa ule. Kama ni hivyo, mwinuko ulikuwa umekwisha kupungua kabla mwalimu hajafungua mdomo. Waandishi waliliona neno hilo, wakaingiza katika hesabu mambo mengi ya nyumbani na ya masomo ya zamani. Lakini hesabu hupima kilichoandikwa katika fomu tu. Kiu ya mama haina nafasi katika fomu.

Ushahidi uliokuja baadaye watufundisha kiasi. Mwaka 2005 Joseph Altonji, Todd Elder na Christopher Taber walitoa uchunguzi uliowatazama hasa vijana waliokuwa tayari katika shule za Kikatoliki darasa la nane, wakauliza shaka ile ya mlangoni yaweza kuwa na nguvu kiasi gani. Waliona kwamba sekondari ya Kikatoliki ilizidisha sana nafasi ya kijana kumaliza masomo. Juu ya pointi za mitihani hawakuona ushahidi wa nguvu. Basi mwenye kusimama mimbarini na kusema «imehakikishwa kwamba shule zetu huongeza akili» asema zaidi ya anayoyajua. Mwenye kusema «shule hizi zilisaidia vijana wasiache masomo njiani» asema neno lenye msingi bora.

Pili, katika hesabu zile zile iko tarakimu moja ambayo wasifu hawaitaji: 5.33. Ndizo pointi ambazo wastani wa shule ulipanda kwa kila daraja la hali ya jamaa za shule nzima. Linganisha na 1.22. Wenzako wa shule ni nani, hilo laonekana kuwa na uzito kuliko shule ni ya nani. Lakini hapa tena tuwe macho. Tarakimu hiyo yaweza kutoka kwa wenzake, yaweza kutoka kwa walimu bora wanaokimbilia shule za matajiri, yaweza pia kutoka kwa mambo ya nyumbani ambayo hayakupimwa sawasawa katika ngazi ya kwanza na yakajitokeza katika ya pili. Modeli yaonyesha uzito. Haitaji mkono ulioweka uzito huo.

Tatu, neno lenyewe «matokeo ya shule» ladanganya. Mwenye kusoma husikia kwamba shule imefanya. Modeli yasema tu kwamba, baada ya kuondoa mambo tuliyoyapima, kitu kimebaki upande wa shule. Katika mabaki hayo mmo jasho la mwalimu, na mmo pia mambo yote tusiyoyapima. Goldstein na David Spiegelhalter walionya hivyo mwaka 1996, wakati Uingereza ilipokuwa inatangaza orodha za shule kwa mitihani. Walionyesha kwamba kadirio la kila shule lina nafasi kubwa ya kukosea, hata shule nyingi za katikati haziwezi kutofautishwa moja na nyingine. Anayezipanga kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, aandika uhakika usiokuwapo.

Wako ndugu watakaosema: basi tuache hesabu hizi, maana roho ya mtoto haipimwi. Hatukubali. Tukiziacha, hatutaishi bila hesabu. Tutabaki na hesabu mbaya, yaani asilimia tupu za waliofaulu, ambazo humsifu aliyepokea watoto hodari na kumwaibisha aliyepokea wanyonge. Bwana wa mfano wa talanta hakudai faida sawa kwa watumishi wake. Alikumbuka kila mmoja alianza na ngapi. Aliyeleta mbili juu ya mbili alisifiwa sawa na aliyeleta tano juu ya tano. Hesabu za ngazi zajaribu, kwa unyonge wa kibinadamu, kukumbuka jambo hilo.

V. Na kwetu?

Tusichukue tarakimu za Marekani na kuzipanda katika Kongo kama mbegu. Kule Serikali haijengi shule za Kikatoliki wala hailipi walimu wake. Kwetu shule zilichukuliwa na Serikali mwaka 1974, kisha kwa mapatano ya mwaka 1977 Eklezia ilirudishiwa kazi ya kuziongoza, nazo zikabaki shule za taifa. Mlango wake si mlango wa Chicago. Tena hatuna uchunguzi unaofanana na ule wa mwaka 1980. Lakini mwanzo upo: uchunguzi wa PASEC wa mwaka 2019 ulipima watoto wa shule za msingi katika nchi 14 za Afrika, na nchi yetu ilikuwa mojawapo. Watoto walipimwa ndani ya shule zao, na maulizo yaliwekwa kwa walimu na wakubwa wa shule pia. Hiyo ndiyo aina ya habari ambayo hesabu za ngazi zadai.

Mpaka siku tutakapokuwa na habari za kutosha, tunaweza kufuata mashauri matatu yasiyodai mashine wala diploma ya matematika.

Shauri la kwanza: matokeo ya mtihani wa Serikali yakitangazwa, tusilinganishe shule ya watoto 12 na shule ya watoto 120 kwa asilimia tu. Katika shule ya watoto 12, mmoja akiugua malaria siku ya mtihani, asilimia yabadilika kwa zaidi ya 8. Tutazame miaka mitatu au minne pamoja.

Shauri la pili: tuandike watoto wameingia na nini. Direkta anayeweka katika daftari alama za kila mtoto mwanzoni mwa mwaka, na mwisho wa mwaka akaweka nyingine kando yake, ana ushahidi bora kuliko mwenye kuhesabu diploma tu. Na shule inayofukuza wanyonge mwaka mmoja kabla ya mtihani ili ipate 100 kwa mia haijafundisha mtu. Imeosha orodha yake.

Shauri la tatu: tutafute mwinuko ndani ya shule zetu wenyewe. Mtoto wa mchimbaji na mtoto wa mwenye duka, walioingia siku moja, wako wapi baada ya miaka sita? Mtoto ambaye ada yake huchelewa kila muhula, je, bado yumo? Ikiwa umbali kati yao wazidi kukua mikononi mwetu, basi tusijifiche nyuma ya kimo cha shule, hata kikiwa kirefu kuliko vyote katika jimbo.

Hukumu yetu juu ya kitabu ni hii. Ni kitabu cha haki, kilichounganisha tarakimu na macho, na kilichouliza ulizo jema kuliko wengi waliotangulia. Hakikutoa ruhusa ya kujisifu, na anayekisoma kwa ajili ya kujisifu amekisoma vibaya. Wazee walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Shule za Kikatoliki zimesifiwa sana, Marekani na kwetu. Kazi ya padri, ya mseminari na ya katekista ni kuangalia kila mwaka, mtoto kwa mtoto, kama maji hayajaingia.